Soko Huria na Serikali Kali: Nikisoma Kumbukumbu za Bibi Thatcher

Kitabu cha kumbukumbu za Margaret Thatcher kiitwacho The Downing Street Years kilitoka mwaka 1993, miaka mitatu baada ya mwandishi wake kuondoka madarakani. Ni kitabu kinene, kurasa zake zinapita 900, na nakala yangu niliipata kwa wauza vitabu vya mitumba. Nimekisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika penseli, kama nilivyozoea kusahihisha kazi za wanachuo. Mtu aweza kuuliza: mzee mstaafu wa chuo cha ualimu, aliyefanya kazi maisha yake yote Tanzania, ana shughuli gani na mambo ya waziri mkuu wa Uingereza? Jibu langu ni fupi. Maneno tuliyoanza kuyasikia hapa kwetu katika miaka ya 1980 na 1990, soko huria, ubinafsishaji, kuchangia gharama, hayakuota katika udongo huu. Yalikuja kama wageni, na ni vema kumjua mgeni kwao alikotoka.

Masimulizi yanaanza na ushindi wa uchaguzi wa Mei 1979 na kuishia Novemba 1990, chama chake mwenyewe cha Wahafidhina kilipomwacha mkono. Katikati yamo mambo mengi: vita vya Falklands vya 1982, mgomo wa wachimba makaa ya mawe, mazungumzo na Reagan na Gorbachev, bajeti moja baada ya nyingine, na ugomvi wake na viongozi wa Ulaya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: lugha yake ni nyoofu. Wanasiasa wengi huandika kumbukumbu kwa kuzungukazunguka mpaka msomaji asijue waliamini nini. Kwa Bibi Thatcher hupati taabu hiyo. Anachokiamini anakisema, na asiyekubaliana naye anaambiwa waziwazi kwamba amekosea.

Hata hivyo, mwamba ngoma huvutia kwake. Katika kitabu hiki waliomuunga mkono ni mashujaa, na waliomshauri vingine ni watu wa kulegea. Geoffrey Howe, aliyekuwa waziri wake wa fedha tangu 1979 hadi 1983, na ambaye hotuba yake ya kujiuzulu ya Novemba 1990 ndiyo iliyofungua mlango wa anguko lake, hapati huruma nyingi humo. Hilo si ajabu katika kumbukumbu, nami silihesabu kuwa kosa kubwa. Dosari ninayotaka kuieleza ni nyingine, nayo imo katika hoja yenyewe inayoshikilia kitabu kizima.

Hoja hiyo ni rahisi kuieleza. Uingereza, asema, iliugua kwa sababu serikali iliingiza mkono katika kila kitu: viwanda, nyumba, mishahara, bei. Dawa ilikuwa ni kuirudisha serikali nyuma, ili mtu mmoja mmoja achague mwenyewe, awajibike mwenyewe, na kula jasho lake. Mawazo haya alikuwa ameyasoma kwa Friedrich Hayek, ambaye kitabu chake The Road to Serfdom kilitoka mwaka 1944, na alikuwa ameyajadili na mwanasiasa mwenzake Keith Joseph, ambaye pamoja naye alianzisha kituo cha utafiti wa sera mwaka 1974. Lakini yeye mwenyewe hupenda zaidi kutukumbusha duka la vyakula la baba yake, Alfred Roberts, katika mji mdogo wa Grantham. Huko alijifunza kwamba usitumie usichokuwa nacho. Na kwa kweli sehemu kubwa ya siasa yake ni busara ya mwenye duka, iliyokuzwa mpaka ikatosha kuvalishwa nchi.

Tusimkatalie kila kitu. Uingereza ya miaka ya 1970 ilikuwa mgonjwa kweli. Mwaka 1976 serikali ya chama cha Labour ililazimika kwenda kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa na kupunguza matumizi yake. Katika baridi ya 1978 na 1979 migomo ilifuatana hata mahali pengine taka zikarundikana mitaani. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya kazi kilikuwa asilimia 83. Bajeti yake ya kwanza, Juni 1979, ilikishusha hadi asilimia 60, na ile ya 1988 ikakifikisha 40. Ila bajeti hiyohiyo ya 1979 ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani hadi asilimia 15 kutoka asilimia 8, na kodi ya namna hiyo hulipwa na kila mnunuzi, mwenye kingi na mwenye kidogo. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 20 mwaka 1980, kisha ukashuka chini ya asilimia 5 ilipofika 1983. Kwa upande wa pili, mwaka 1982 watu wasio na kazi walikuwa wamezidi milioni 3. Na alipoondoka 1990, mfumuko wa bei ulikuwa umerudi karibu asilimia 10, yaani karibu palepale alipoukuta. Kitabu kinaieleza hesabu hii ya mwisho kwa kuwalaumu mawaziri wake. Mwanachuo akiniletea jibu la namna hiyo ningemwandikia pembeni: “Nani alikuwa mkuu wa baraza hilo?”

Sasa nije kwenye dosari yenyewe. Bibi Thatcher anasema alipunguza nguvu za serikali. Nimefuatilia kitabu chake sura kwa sura nikiuliza swali moja tu: nguvu iliyopunguzwa ilikuwa ya nani, na ilikwenda wapi? Mara nyingi jibu nililolikuta ni kwamba serikali kuu haikurudi nyuma. Waliorudishwa nyuma ni wale waliokuwa katikati, baina ya serikali kuu na raia: halmashauri za miji, vyama vya wafanyakazi, vyuo vikuu, mamlaka za elimu za wilaya.

Tazama halmashauri. Sheria ya nyumba ya 1980 iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa bei ya chini, punguzo likianzia theluthi na kufikia nusu ya thamani. Zaidi ya nyumba milioni 1 ziliuzwa katika utawala wake. Kwa mpangaji aliyenunua lilikuwa jambo la heri, na mimi simwonei wivu mtu aliyepata paa lake. Lakini halmashauri zilizouza hazikuruhusiwa kutumia fedha zote za mauzo kujenga nyumba nyingine kwa waliokuwa bado wanangoja zamu. Mali yao, mauzo yao, na amri ya matumizi kutoka London. Mwaka 1984 ikaja sheria ya kuziwekea halmashauri kikomo cha kodi wanazoweza kutoza. Mwaka 1986 Baraza Kuu la London, lililokuwa mikononi mwa wapinzani wake, likafutwa kabisa pamoja na mabaraza sita ya miji mikubwa mingine. Hilo halikufanywa na soko. Lilifanywa na bunge, kwa sheria, kwa amri ya waziri mkuu mwenye kura nyingi bungeni.

Hapa kuna jambo ambalo kitabu kinalipita bila kulitazama. Yule baba wa Grantham anayetajwa kwa heshima kubwa hakuwa mwenye duka tu. Alikuwa diwani kwa miaka mingi, na mwaka 1945 akawa meya wa mji wake. Busara yake haikuishia kwenye mizani ya dukani, bali alikaa pia barazani na majirani wakapanga mambo ya mji. Binti alilichukua duka akalipeleka Downing Street, lakini lile baraza hakulichukua.

Kilele cha mambo haya kilikuwa ile kodi ambayo serikali iliipa jina zuri la malipo ya jumuiya, na wananchi wakaiita kwa jina lake la kale, kodi ya kichwa. Ilianza Scotland mwaka 1989, na Uingereza na Wales mwaka 1990. Kila mtu mzima katika halmashauri moja alitozwa kiasi kilekile, tajiri wa jumba kubwa na mzoa taka sawasawa; hata wasio na kazi na wanafunzi walitakiwa kulipa sehemu yake, asilimia 20. Msomaji wa Tanzania hahitaji kufasiriwa neno hili. Watawala wa Kiingereza ndio waliowatoza babu zetu kodi ya kichwa, na wazee waliikumbuka kwa jinsi walivyokimbizwa porini na matarishi. Tarehe 31 Machi 1990 maandamano ya kuipinga yaligeuka ghasia katika uwanja wa Trafalgar, London. Bibi Thatcher, hata baada ya hayo yote, anaitetea katika kitabu chake, akisema iliachwa mapema kabla matunda yake hayajaonekana. Mrithi wake, John Major, aliiondoa na kuweka nyingine mwaka 1993. Nasema hivi: kodi ambayo lazima itozwe na dola kutoka kichwani mwa kila mtu, bila kujali kipato chake, haiwezi kuwa alama ya dola iliyorudi nyuma.

Lakini sura niliyoisoma kwa makini kuliko zote ni ile inayohusu elimu, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa na uzoefu wa kupimia. Bibi Thatcher hakuwa mgeni katika wizara hiyo. Alikuwa waziri wa elimu tangu 1970 hadi 1974, na mwaka 1971 alifuta maziwa ya bure kwa wanafunzi waliozidi umri wa miaka saba, jambo lililompa jina baya ambalo halikumtoka. Alipokuwa waziri mkuu, walimu wa Uingereza waligoma mara kwa mara katikati ya miaka ya 1980 kwa ajili ya mishahara. Sheria ya 1987 ikaifuta kamati iliyokuwa imejadili mishahara yao tangu 1919, na waziri akapewa uwezo wa kupanga mishahara na masharti ya kazi. Saa za kazi za kuelekezwa zikawekwa 1,265 kwa mwaka. Nilipoisoma namba hiyo niliiwekea mstari. Hata katika siku zetu za mipango ya kitaifa, sikumbuki kuona saa za mwalimu zikihesabiwa hivyo na wizara, mpaka tarakimu ya mwisho.

Kisha ikaja sheria kubwa ya elimu ya 1988, iliyosimamiwa na waziri Kenneth Baker. Ina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni wa soko: mzazi achague shule, fedha zimfuate mwanafunzi, shule ipewe bajeti yake, na wazazi wakipiga kura shule iweze kujitoa katika mamlaka ya wilaya ikapokea fedha moja kwa moja kutoka serikali kuu. Uso wa pili ni wa amri: mtaala mmoja wa taifa wenye masomo kumi kwa shule zote za serikali, na mitihani katika umri wa miaka 7, 11, 14 na 16. Mamlaka ya elimu ya London ya kati ikafutwa mwaka 1990. Vyuo vikuu navyo vikapewa chombo kipya cha kugawa fedha, na wahadhiri wapya wakapoteza ulinzi wa ajira waliokuwa nao. Chuo kikuu cha Oxford, alikosomea kemia, kilikuwa kimekataa mwaka 1985 kumpa shahada ya heshima, kwa kura 738 dhidi ya 319.

Mwandishi mwenyewe anakiri, tena kwa uchungu, kwamba mtaala ule ulikua ukawa mzigo mkubwa kuliko alivyokusudia. Alitaka, asema, Kiingereza, hisabati na sayansi, na mitihani michache iliyo rahisi. Badala yake akapata kamati, mafaili na maelekezo. Lakini kurasa chache mbele tunamkuta akihangaika na ripoti ya kamati ya somo la historia, akitaka tarehe ziongezwe na historia ya Uingereza ipewe nafasi kubwa zaidi. Msomaji, hebu fikiri. Waziri mkuu anayeamini kwamba serikali haiwezi kujua bei sahihi ya mkate anaamini kwamba inaweza kujua somo sahihi la historia kwa mtoto wa miaka kumi na moja. Walaumiwa ni watumishi na wataalamu wa elimu. Mimi nasema walimtii tu: ukijenga meza moja ambayo kila uamuzi lazima uipitie, usishangae karatasi zikijaa juu yake.

Sisi pia tulipangiwa muhtasari wa masomo kutoka makao makuu. Wakufunzi wangu waliandaa maazimio ya kazi kwa kuufuata, na mkaguzi alikuja kuhakikisha. Kulikuwa na ubaya wake na uzuri wake. Ila hakuna aliyetuambia kwamba huo ndio uhuru. Mwalimu wa Uingereza wa 1988 alibebeshwa vyote viwili kwa pamoja: ashindane kama mwenye kibanda sokoni, na atii kama karani. Shule iliyokosa wanafunzi ikakosa na fedha, na iliyokosa fedha ikazidi kukosa wanafunzi. Sokoni, muuzaji wa nyanya mbovu hufunga kibanda na wateja huenda kwingine. Hiyo ni haki. Shule haifungi namna hiyo. Hufa polepole kwa miaka mingi, na ndani yake wamo watoto ambao wazazi wao hawakuwa na nauli ya kuwapeleka mbali.

Tuje kwenye mashirika. Simu ziliuzwa 1984, gesi 1986, shirika la ndege 1987, maji ya Uingereza na Wales 1989, umeme 1990. Mamilioni ya watu wa kawaida walinunua hisa, na kitabu kinalitaja hilo kwa fahari. Wengi wao waliziuza mapema wakachukua faida. Mzee Harold Macmillan, aliyekuwa waziri mkuu wa chama hichohicho, alifananisha mauzo hayo mwaka 1985 na ukoo uliofilisika unaouza vyombo vyake vya fedha. Mzee huyo alikuwa mhafidhina kwa maana ya asili ya neno, mtu wa kuhifadhi alichokikuta. Biashara ya simu ilipata nafuu, tusibishe, kwa kuwa baada ya muda mteja aliweza kuhamia kampuni nyingine. Lakini maji hayana kibanda cha pili. Bomba linaloingia nyumbani ni moja. Kampuni za maji zilianza mwaka 1989 zikiwa zimefutiwa madeni na serikali. Leo madeni yao yamezidi pauni bilioni 60, na maji machafu yanayomwagwa mitoni na baharini ni kero ya kitaifa. Scotland haikuuza maji yake. Reli, zilizouzwa na John Major baada ya sheria ya 1993, zimeanza kurudishwa serikalini kwa sheria ya 2024. Dar es Salaam nako, mwaka 2003, huduma ya maji ilikabidhiwa kampuni binafsi yenye mshirika kutoka Uingereza, na mwaka 2005 serikali ikavunja mkataba.

Kuna ukurasa mmoja ambao msomaji wa Tanzania hataupita haraka. Oktoba 1981 viongozi 22 walikutana Cancún, Mexico, kuzungumzia uhusiano wa nchi tajiri na maskini. Mwalimu Nyerere alikuwapo, naye Bibi Thatcher alikuwapo. Anasimulia jinsi Mwalimu alivyomlalamikia masharti ya Shirika la Fedha: kushusha thamani ya shilingi, kupunguza matumizi, kufungua milango. Anamsifu kwa haiba na ufasaha wake, anakubali kwamba huenda masharti ya wakati ule yalikuwa makali kidogo, kisha anatoa hukumu kwamba kiongozi huyu hakutaka kuona kwamba taabu za wakulima wake zilitokana na siasa yake mwenyewe ya ujamaa.

Sitasema hukumu hiyo haina ukweli. Tuliokuwapo tunajua jinsi watu walivyohamishiwa vijijini, na jinsi duka la kijiji lilivyokosa sabuni. Lakini mizani iliyo kamili ingeweka pia upande wa pili bei ya mafuta iliyopanda mara mbili katika miaka ya 1970, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Na kuna jambo lingine. Mkutano ulipoombwa kuyaweka Shirika la Fedha na Benki ya Dunia chini ya Umoja wa Mataifa, ambako kila nchi ina sauti moja, Bibi Thatcher alipinga kwa nguvu zote. Kwa hiyo uhuru wa kuchagua uliokuwa mzuri kwa mnunuzi wa nyumba mjini Grantham haukuwa mzuri kwa taifa lililopangiwa bei ya fedha yake. Tanzania ilitia saini mwaka 1986, Mwalimu akiwa ameshaondoka Ikulu. Yaliyofuata kila mwalimu anayajua. Wazazi walichangishwa ada hata katika shule ya msingi, na palipokuwa na watoto watatu, mmoja alikwenda shule wawili wakabaki nyumbani. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2001, na madarasa yakafurika mara moja. Watoto waliofurika hawakuwa wametokea mbinguni. Walikuwapo siku zote, ila soko halikuwaona kwa sababu hawakuwa na kitu mkononi.

Mwaka 1987, katika mahojiano na gazeti la wanawake, Bibi Thatcher alisema kwamba hakuna kitu kiitwacho jamii, kuna watu mmoja mmoja na familia. Katika kitabu analalamika kwamba maneno hayo yalinyofolewa, kwa kuwa aliendelea kusema juu ya wajibu wa kumsaidia jirani. Namkubalia, nami nisingependa kunukuliwa nusu. Lakini jirani hasaidiwi kwa moyo mwema tu. Anasaidiwa kupitia baraza la mtaa, chama cha wafanyakazi, bodi ya shule, ushirika, yaani vile vyombo vidogo ambavyo watu wa kawaida hukutania. Hivyo ndivyo serikali yake ilivyovipunguza, kimoja kimoja. Ukishaviondoa, anabaki mtu peke yake upande huu na serikali kuu upande ule, na baina yao kampuni kubwa zinazouza maji.

Nawashauri vijana, hasa wanaotaka uongozi, wakisome kitabu hiki. Kina ushupavu ambao viongozi wetu wengi wangefaidika nao, na kinaonyesha kwamba mtu mmoja mwenye nia aweza kuigeuza nchi. Ila wakisome kama mkaguzi wa hesabu. Kila mwandishi anaposema kwamba serikali iliachia kitu, watafute jina la aliyekipokea, na jina la aliyenyang’anywa. Majina hayo yote mawili yamo kitabuni. Mwandishi hakuyaficha, hakuyaweka tu kwenye ukurasa mmoja.